Injinia Mwenye Subira

"Mama, nimesema ubonyeze kitufe cha katikati. Chini, katikati."

"Nimebonyeza cha pembeni, mwanangu, ndicho ninachokijua. Kimefungua habari za hali ya hewa. Wanasema hapa Buganguzi mvua inanyesha."

Jovita alichungulia dirishani. Jua lilikuwa linachoma migomba. Akarudisha simu sikioni na kusubiri. Upande wa pili kijana alivuta pumzi ndefu, kisha akasema kwa upole kwamba waanze upya.

Kijana huyo alijiita Injinia Damian, wa huduma kwa wateja wa kampuni ya kompyuta. Kampuni gani, hakusema. Jovita alimbipu asubuhi baada ya chai, naye akapiga papo hapo kwa salio lake mwenyewe. Akamwamkia, akauliza habari za nyumbani, na kabla hajaambiwa lolote akatangaza kwamba kompyuta ya mama ina tatizo kubwa. Hapo Jovita hakuwa na ubishi.

Tatizo lilianza Krismasi, mwanawe Aristides alipokuja kutoka Dodoma na kompyuta mpya yenye mfumo mpya. Ile ya zamani, ambayo mama aliijua kama anavyolijua jiko lake, aliondoka nayo, eti mama asichanganyikiwe. Siku hizi kila kitu ni rahisi, alisema, akapanda gari. Kitufe cha kuanzia kilikuwa kimehama kutoka pembeni, mafaili yamepelekwa kuishi mawinguni, na kila asubuhi mashine ilimkaribisha kwa furaha na kumwomba asubiri kidogo, inajiboresha. Ilijiboresha sana. Kila ilipomaliza, kitu kingine alichokizoea kilikuwa hakipo.

Alipompigia Aristides, alijibiwa, "Mama, bonyeza tu hapo." Hapo ni wapi, Aristides hakuwa na muda wa kueleza, alikuwa kwenye kikao. Alipopiga tena alitumiwa video ya Kiingereza. Alipopiga tena, kikao kilikuwa kinaendelea. Jovita akaacha kusumbua vikao.

Lakini Jumamosi kikundi cha akina mama wa kahawa kilikuwa na mkutano mkuu, na taarifa ya mwaka ilitakiwa iwe imechapwa. Jovita alikuwa katibu tangu kikundi kianzishwe. Renatha, mwanachama mwenye umri wa kuwa binti yake, alikuwa ameanza kuwaambia wanachama, kwa huruma nyingi, kwamba mama apumzishwe sasa, macho yamechoka. Renatha alikuwa na kompyuta ya rangi ya waridi. Hakuna aliyewahi kuiona imewashwa.

"Sasa mama," alisema Damian, "ingia kwenye akaunti yako ya benki, tuangalie kama virusi havijafika huko."

"Tutaingia. Ila maandishi ni madogo, hata hilo neno benki silioni."

Damian akamwelekeza namna ya kukuza maandishi. Jovita akasema sasa anaona vizuri, isipokuwa hawezi kwenda benki na kuiacha taarifa yake wazi, itapotea. Akaelekezwa kuisevu, na mahali pa kuikuta kesho. Kisha akalalamika kwamba jedwali la kilo za kahawa limepinda, halafu kwamba printa haisikii amri, na labda virusi vimejificha humo. Damian alikubali haraka kwamba inawezekana kabisa. Alirudia kila hatua tena na tena, hadi sauti ikaanza kumkauka. Kila alipomaliza aliuliza kama sasa wanaweza kwenda benki. Karibu, Jovita alimjibu. Karibu sana.

Mchana wifi yake Clotilda aliingia na kikapu cha maharage mabichi, akakaa kuyamenya. Alimsikia Jovita akitaja benki, akaacha kumenya. Aliposikia namba ya siri, maharage yakamwagika.

"Wifi, kata hiyo simu," alinong'ona. "Huyo ni tapeli. Rwekaza wa Kishanda walimkomba hivyo hivyo."

Jovita alifunika simu kwa kiganja. "Usimseme vibaya. Tangu asubuhi hajanifokea hata mara moja. Nitajie mtoto wetu mmoja wa namna hiyo."

Clotilda alibaki ameikodolea macho mikono ya wifi yake kwenye vitufe, roho juu, akijiuliza atamwelezaje Aristides.

Printa ikakohoa. Ikatoa ukurasa wa kwanza, kisha zilizofuata, majina yamenyooka na kilo zimesimama kwenye mstari wake kama wanafunzi wa masista. Jovita alizikusanya kurasa zikiwa bado na joto, akazishikilia kifuani. Machozi yalimlengalenga, akayafuta kwa ncha ya kanga kabla Clotilda hajayaona. Halafu akamtangazia Damian kwamba imetoka, imetoka yote.

"Hongera sana, mama," alisema Damian, na kweli alifurahi. Kwa kitambo kidogo alisahau kazi yake. Kisha akaikumbuka. "Haya, tumalizie. Niambie namba ya siri ya benki."

"Akaunti ya benki sina, mwanangu. Sijawahi kuwa nayo."

Clotilda alishusha pumzi na kuinama kuokota maharage yake.

"Usikate kwanza, Injinia," alisema Jovita. "Juzi redio ilipotangaza namba yako na kutuonya tusiipokee, walisema una ulimi mtamu na unaweza kumng'ang'ania mtu kwenye simu kutwa nzima bila kuchoka, nikaiandika pale pale. Kesho nataka tujifunze barua pepe; nikubipu saa ngapi?"