Boksi la Mzee

Mteja alirudi kabla hajafika njia panda, boksi likining'inia shingoni, kijiko kimelegea mkononi kama jani lililochomwa na jua. Alikiweka kijiko hicho juu ya kaunta, akachukua cha chuma, akaenda zake.

"Na hicho cha chuma ndio kimekwenda," alisema mwenye duka la chakula, bila kuinua macho kwenye sufuria.

Mdogo wake alisimama pembeni, mkasi mkononi, vipande vya kadibodi miguuni. Boksi lilikuwa lake. Alilibuni mwenyewe, akalichora, akalikunja kutoka kwenye kipande kimoja cha kadibodi, bila tone la gundi. Mfuniko ulikuwa sahani. Ubavu mmoja ulichanwa ukawa kijiko. Chini palikuwa na tundu la kushikilia kikombe, na juu kamba ya katani ya kuvaa shingoni, ili mtu ale huku anatembea na bado abaki na mkono wa simu. Jua likizidi, mfuniko uligeuka kofia. Hayo yote alimweleza kila mteja, kifua mbele, mpaka wali ukapoa.

"Boksi lako lina kazi nyingi," dada yake alizoea kumwambia. "Wewe huna hata moja."

Safari hii hakuwa anatania. Alikuwa ameamua: wiki ijayo wanarudi kwenye mifuko, na Injinia, kama alivyomwita akitaka kumchoma, aende akatafute kazi ya kuajiriwa. Kijana hakuomba huruma. Kuomba hakukuwa tabia yake. Alitaja shahidi.

Shahidi mwenyewe alikuwa bwana mmoja mwenye shati lililopigwa pasi, dereva, aliyekuja kila mchana na neno moja tu: "Nifungie." Chakula hicho, alisema, waligawana yeye na Mzee.

Mzee hakuwahi kushuka. Alikaa nyuma ya gari, na gari lenyewe liliegeshwa nyuma ya jengo, kwa sababu Mzee hakupenda kelele za barabarani. Kidogo kidogo, akisubiri kufungiwa, dereva alidondosha habari zake. Kazi ya Mzee ilikuwa kuzungukia wateja, leo huku, kesho kule, na kila alikokwenda alingojwa kwa hamu. Muda wa kukaa mezani hakuwa nao, alikula njiani. Watoto wake walikuwa wametapakaa wilaya nzima, yeye mwenyewe asiweze kuwatambua. Na kuhusu boksi alikuwa na sharti moja: lisitandikwe nailoni ndani, maana nailoni ilimvuruga tumbo.

"Umesikia, dada? Tumbo la mtu mkubwa linajua kitu kizuri."

"Tumbo linajua chakula. Boksi linajuliwa na jalala."

"Mbona lake halijawahi kuonekana jalalani? Ya wengine tunayafagia kila jioni hapo nje. La Mzee halionekani hata kipande. Analitunza yule."

Dada alikoroga mchuzi uliokwisha kuiva.

Ndipo alipotoa hukumu yake. Huyo Mzee aje mwenyewe, ale mbele yao. Akifurahia chakula, maboksi yote yanaingia jikoni kuwashia moto. Akifurahia boksi, yeye atafunga mdomo na Injinia ataendelea kukunja kadibodi mpaka azeeke.

Dereva alipofika mchana uliofuata, dada alimpa mwaliko kwa sauti ya heshima. Kijana, ambaye kiburi kilikuwa kimeanza kumwasha kwa kuona maisha yake yanawekwa kwenye ulimi wa tajiri, akashindwa kujizuia.

"Hata kama ni beberu, sitampigia magoti."

Dereva alimgeukia kwa mshangao. "Nani amekwambia?"

Dada alimfinya mdogo wake chini ya kaunta, akaomba radhi haraka haraka. Mtoto huyu mdomo wake hauna breki, alisema, maneno yake yasitiliwe maanani. Lakini dereva hakuonekana kukasirika. Alisema hiyo haikuwa siri, mji mzima unajua, na kwamba kesho angemshusha.

"Ila asisubirishwe," alionya. "Akisubirishwa anagonga."

Kesho yake kaunta ilisuguliwa mpaka ikateleza. Dada alivaa kitenge alichokiweka kwa ajili ya harusi za watu. Wali ulikuwa umechambuka punje kwa punje, kuku amekaangwa akawa na rangi ya dhahabu. Injinia alivaa shati la mikono mirefu, akalikunja boksi upya mara nyingi, akisafisha kila pembe, akiipuliza kama inaumwa. Kwa sauti ya chini dada alimwambia kuwa likikataliwa asilie, wateja wataona. Naye akamjibu kuwa mwenye kulia atajulikana.

Nyuma ya jengo mlango wa gari ulifunguka kwa kishindo. Ikasikika sauti ya dereva ikibembeleza, taratibu, Mzee, ngazi hiyo, taratibu. Kisha hatua nzito kwenye sakafu ya saruji.

Kijana alinyoosha boksi kwa mikono miwili, macho ameyafumba. Dada alikunja goti, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mzee," alisema, macho chini kwa adabu, na kwa hiyo kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa kwato.

Mzee hakuitikia. Aliunusa wali, akaupigia chafya, kisha, ndevu zikimcheza, akaanza kutafuna kijiko.