Mihogo ya Kiboko Iliyorudi Kwao

Hapo kale, soko la mtoni likiwa bado halina paa, Fuko aliuza tenga la mihogo kwa senti tano na kulisha watoto saba. Siku moja Kiboko akavuka mto na matenga arobaini, akatangaza bei ya senti mbili.

"Bwana Kiboko, senti mbili hazirudishi hata jasho," Fuko akamwambia.

"Mfalme Tembo wa kwetu hunijazia nne kwa kila tenga ninalouza ng'ambo hii. Hili soko huria, babu wee. Ukishindwa, kalale shimoni."

Wiki ile mihogo ya Fuko ikaoza, na watoto wakalala njaa. Ndipo mjanja huyo, ambaye shule aliijua kwa kupita chini yake tu, akavunja kibubu. Akanunua matenga yote arobaini, akayapitisha kwenye handaki lake chini ya mto, akayauza kwa senti nne mlangoni kwa Tembo. Kiboko huko kwao huuza sita.

Kiboko akaenda kushtaki kwa Tembo. "Mfalme, Fuko ananiharibia soko."

"Soko huria, bwana mkubwa," Fuko, aliyekuwa palepale mlangoni, akamjibu Kiboko. "Na mihogo ni yako mwenyewe. Onja."

Tembo akaacha kutafuna. Alikuwa amelipa mihogo ile ivuke, kisha akainunua iliporudi. Ruzuku ikafa siku hiyohiyo.

Gulio lililofuata, Kiboko alitandaza mihogo yake kando ya Fuko, akanong'ona, "Mwenzangu, leo tunauzaje?"

"Tano," akasema Fuko bila kugeuka, kwa kuwa alikuwa na wateja.