Binti wa Kwenye Picha

Watu wa Tlawi walicheka mpaka machozi. Gari la sinema la serikali lilikuwa limeleta picha ya mposaji anayekimbizwa na jogoo wa baba mkwe.

Picha haikuwa na sauti, kwa hiyo mtafsiri, kijana wa Kiislamu kutoka Katesh, aliwasemea wachumba kwenye kipaza sauti.

"Binti anasema, nimekubali. Mposaji anasema, basi Perpetua, nitaongea na baba yako."

Kicheko kikakatika. Binti wa kwenye picha hakuwa na jina; Perpetua alikuwa msichana wa pale Tlawi.

Mstari wa mbele, baba yake Perpetua alisimama taratibu, akakaza blanketi begani.

"Shikamoo, mzee," kipaza sauti kikasema.

Mzee aliinua fimbo yake, akamwendea. Kivuli chake kilipanda kwenye shuka la picha, fimbo kwanza, kikamfunika mposaji. Binti akabaki anacheka peke yake.