Herufi za Mjukuu

Mzee Brashi alikuwa anachora alama ya asilimia kwa ajili ya mtoto ambaye hata hajazaliwa. Alivuta mstari wa mshazari, akaweka viduara viwili, akaitazama karatasi kwa mbali. Kisha akachukua simu.

"Hii nayo ya nini, binti yangu? Huyo mtoto anazaliwa na duka?"

Binti yake alicheka. "Ajue alama zote, Baba. Usiruke hata moja. Na mabano, na ile ya kuuliza."

"Haya, mama. Wewe ndiye uliyesoma."

"Kubwa na ndogo, kila moja na karatasi yake. Na rangi iwe nyeusi tupu. Wanasema watoto wachanga wanaona nyeusi vizuri zaidi."

Angetaka hata za kijani zenye mistari angepata. Kwa mjukuu, mzee angeshika brashi kwa meno.

Na hiyo brashi alikuwa ameshaitupa, msije mkadhani ni mtu wa kubembelezwa. Miaka arobaini aliandika vibao vya mtaa mzima, vya kinyozi, vya dawa, vya viatu, na kwa herufi ya S hakuna aliyemfikia. Zikaja mashine za kuchapa mabango, wateja wakamkimbia mmoja mmoja. Kilichomuuma zaidi ni binti yake wa pekee kusomea kubuni michoro kwa kompyuta, akafungua ofisi mtaa huohuo. Mwaka jana wenye maduka wakampa binti kazi ya kuupa mtaa sura moja: vibao, mifuko, vipeperushi, kila kitu. Akaja kwa baba yake kuomba mwandiko wake, auingize kwenye kompyuta. Loo, alichoambiwa siku ile!

"Kompyuta imeshakula wateja wangu, sasa inataka na mkono?"

Wakanuniana, hata salamu hakuna.

Hadi siku ile binti alipopanda ngazi zote mpaka ghorofa ya tatu, akaketi kwenye kochi, akalia.

"Baba, nina miezi mitatu."

Baada ya miaka tisa ya ndoa! Mzee naye akalia, tena kwa sauti, bila kujificha. Wakasameheana palepale. Binti akaomba kitu kimoja tu, herufi za kubandika ukutani chumbani kwa mtoto, akifumbua macho aone mkono wa babu yake.

"Ila usimtajie mtu," alisema akiwa mlangoni. "Hata mume wangu usimzungumzishe habari hii. Anaogopa mambo yasije yakaharibika."

Tangu hapo hakupanda tena, daktari kamkataza ngazi. Karatasi alikuwa akizichukua dereva wa pikipiki. Mkono wa mzee ulikuwa umeanza kutetemeka, kwa hiyo herufi moja aliirudia mara tano, mara sita, zilizopinda akazichana. Goti lilimsumbua, hatoki nje, lakini majirani walimsikia akiimba. Jamani, alikuwa na furaha mzee yule!

Miezi mitano ikapita hivyo. Asubuhi moja akachora karatasi ambayo hakuombwa. Aliandika jina la marehemu mkewe, kwa rangi nyekundu, maana akizaliwa wa kike ataitwa nani mwingine? Akaikunja ndani ya gazeti, akashuka ngazi akijishikilia ukutani. Mwezi wa nane huu, alijiambia. Leo nikamwone hilo tumbo.

Kibao cha kwanza kilikuwa cha kinyozi. Kilikuwa kipya, na S yake mzee aliijua kama anavyojua kidole chake. Akageuka. Duka la dawa, mkono wake. Duka la mikate, mkono wake. Kwenye kioo cha duka la viatu waliandika PUNGUZO 30%, na kiduara cha chini kilikuwa kikubwa kidogo kuliko cha juu, palepale mkono ulipomtetemeka.

Damu ikampanda kichwani. Mwizi! Ameniibia mchana kweupe, mtoto wangu wa kumzaa! Akasimama katikati ya njia ya watu, anahema, gazeti limemkunjika kwapani.

Lakini hasira haikukaa. Atamfokea mwanamke mwenye mimba ya miezi minane? Na kwani, ndiyo, kamdanganya kuhusu ukuta, lakini si amemletea mjukuu? Basi achukue. Achukue herufi zote, na nukta, na mabano yake. Mtoto atatembezwa mtaani, atasoma kwenye kila mlango mkono wa babu yake. Mzee akainyoosha ile karatasi, akaendelea. Mbele ya duka la mikate alisimama kidogo akaitazama S. Imetoka vizuri, shetani mkubwa wee.

Ofisi ya binti ilikuwa mwisho wa mtaa. Mume wake alikuwa mlangoni, ameshika ngazi kwa mikono miwili. Juu kabisa ya ngazi alisimama binti mwenyewe, mgongo kwa njia, akibandika herufi ya mwisho ya kibao chake.

Mzee akasahau ahadi, akasahau na goti.

"Shuka! Shuka wewe, utamdhuru mtoto!"

Mkwe wake akageuka. Kwanza hakuelewa. Halafu uso wote ukamfunguka, macho yakamjaa machozi.

"Mtoto? Baba, ana mimba? Amekwambia lini? Mimi mbona hajaniambia?"

Juu ya ngazi, binti, suruali imembana na mkanda umekazwa kwenye kiuno kilekile chembamba, aliendelea kuilainisha herufi kwa kiganja, na hakugeuka.