Bangili Mbele ya Moto

Kitu cha kwanza alichokiona Sauda ni kwamba Bi Raya, mke wa sonara, aliipokea kwa mikono miwili bangili ambayo Sauda aliachiwa na marehemu mama yake. Shangazi alikuwa ameibeba kwa ncha za vidole tangu nyumbani.

"Iyeyushwe," Shangazi alisema. "Tunataka hereni za kisasa. Bwana harusi asije akadhani binti tumemtoa ghalani."

Bi Raya alicheka, akaigeuza bangili. Kwa ndani dhahabu ilikuwa imelika, ikawa laini kama ngozi. Sonara, aliyekuwa akivuvia mkaa, aliuliza bila kugeuka, "Ya nani?"

"Ya huyu. Hebu fanya upesi, tuna haraka."

"Basi aseme yeye. Tangu enzi za babu yangu, duka hili haliyeyushi kitu mpaka mwenyewe atamke."

"Huyu hasemi, Bwana! Hata posa nilimjibia mimi."

"Tutamsubiri. Mkaa upo."

Bi Raya akaiweka bangili kwenye kiganja cha Sauda. Shangazi akamkanyaga mguu chini kwa chini. Sauda aliutazama moto ulivyokuwa mwekundu. Kisha akaivaa bangili, nayo ikapita mkononi bila kukwama popote.

"Haya, mwanangu," Bi Raya alisema taratibu.

"Shangazi, sitaki iyeyushwe," Sauda alisema. "Siku ya harusi yangu nataka mama awepo."