Mkungu wa Ndizi

Programu ya kutengenezea michezo ya kompyuta ilikuwa bure kwa yeyote asiyejipatia chochote kwayo, na Tumpe aliitumia kumtengeneza marehemu mama yake, ameketi jikoni kwao Tukuyu akichambua maharage. Jirani yao, Mama Lugano, alikuja kuucheza mchezo huo, akaongea na huyo marehemu shoga yake hadi machozi yakamtoka. Kesho yake akaleta mkungu wa ndizi. Angerudije mikono mitupu?

Asubuhi programu ikauliza, kama ilivyouliza kila siku: "Umepokea chochote kwa ajili ya mchezo huu?"

"Ndizi tu, za jirani," akajibu Tumpe, ambaye hakulelewa kusema uongo.

Mchezo ukafungwa hapo hapo. Ungefunguliwa zawadi ikisharudishwa.

Alivumilia siku tatu. Ya nne akajitwisha mkungu, akautua mlangoni kwa Mama Lugano.

"Nimekukosea nini, mwanangu?"

Tumpe alijaribu kueleza, lakini mlango ulikuwa umeshafungwa.

Aliporudi nyumbani aliiambia programu kuwa ndizi zimerudishwa, mchezo ukafunguka, na mama yake alikuwa palepale na ungo wake. Akauliza lile swali lake la kila siku, ambalo Tumpe mwenyewe ndiye aliyemwekea mdomoni:

"Mama Lugano hajambo?"