Mume wa Kuigwa

"Amina," alisema fundi saa, na kichwa akakiacha kimeinama hata baada ya mama mchungaji kumaliza kumwombea.

Tangu asubuhi alikuwa akizunguka mji akimtafutia mkewe mshauri nasaha. Hospitalini muuguzi alimwambia kuwa daktari wa magonjwa ya akili huja mara moja kwa mwezi, na mwezi huu hakuja.

"Kwetu hapa, baba, ukivunjika mguu utatibiwa. Ukivunjika moyo, jikaze," alisema muuguzi, akacheka peke yake.

Fundi alimwonyesha picha kwenye simu: mwanamke mwembamba ameketi nyuma ya cherehani. "Sisi ni wageni, hatujui watu. Labda alishapita hapa?"

Muuguzi hakuwahi kumwona.

Sasa mama mchungaji naye aliishika ile simu, akaitazama picha kwa muda. "Anasumbuliwa na nini hasa, mwanangu?"

"Halali, mama. Mlango ukigongwa, anaruka. Chakula hakishuki."

"Na wewe unamvumilia."

"Ni mke wangu."

Mama mchungaji alifuta macho. Yeye kazi yake ni maombi, alisema, lakini Mungu ameweka na watu wa kazi hiyo nyingine. Akamwelekeza: juu ya duka la vifaa vya shule, ngazi ya pembeni. Asitafute kibao, hakipo. Watu wanaona haya kuonekana wakiingia.

Chumba cha mapokezi kilikuwa na viti viwili, feni mbovu na boksi la tishu. Dada wa mapokezi alikuwa akimenya chungwa. Fundi alitaja jina la mkewe.

"Hatuna mteja wa jina hilo," alisema dada. "Mlete tu, tutampangia siku."

"Haleteki, dada. Nikimgusia tu habari hizi, nyumba haikaliki." Akamsogezea simu. "Nilidhani pengine alishafika mwenyewe."

Dada aliitazama picha, chungwa likabaki mkononi. Pale kazini palikuwa na sheria moja kubwa, naye aliijua vizuri: aliyepanda ngazi ile hasemwi. Lakini wanawake wote aliowapokea walikuja na habari za waume waliowaita wendawazimu. Huyu amezunguka mji mzima kwa miguu, viatu vimejaa vumbi, macho mekundu. Wa kwake nyumbani hajawahi hata kumuuliza ameshindaje.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "mimi sijakwambia kitu."

"Hujaniambia."

"Huja kila Alhamisi asubuhi. Nadhani wewe ukiwa kazini. Ametupa jina jingine, wengi hufanya hivyo, ni aibu tu. Lakini anaendelea vizuri. Juzi nilimsikia akicheka humo ndani, mara ya kwanza tangu aanze."

Fundi saa alifunika uso kwa viganja. Mabega yakatikisika. Dada akamsogezea boksi la tishu, na yeye mwenyewe akachomoa moja.

"Asante, dada yangu. Mungu akuzidishie. Hupandia ngazi hii hii?"

"Hii, au ile ya nyuma, ya uani. Usimkemee lakini."

"Nimkemee kwa lipi?"

Alishuka taratibu, akavuka barabara, akasimama kivulini na kumpigia kaka yake simu.

"Nimempata," alisema. "Si nilikwambia hawezi kukimbilia mbali? Alhamisi uje na gari mapema, ukae kule uani. Ngazi ya mbele niachie mimi."